Stima, Vumbi na Diski: Historia ya Kutunza Mifumo Endeshi ya Kompyuta Kuukuu Kitui na Makueni

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayotangulia nyingine zote kompyuta inapowashwa, ikagawa kumbukumbu, ikapanga faili kwenye diski, ikapokea herufi zinazobonyezwa kwenye kibodi na kuzilazimisha programu ndogo zingoje zamu zao. Katika vitabu vinavyosimulia historia yake, mfumo wa namna hii huzaliwa katika kampuni fulani ya Marekani, huuzwa kwa shamrashamra, kisha hufa siku ambayo kampuni hiyo inatangaza kwamba haitaushughulikia tena. Katika kaunti za Kitui na Makueni, kusini mashariki mwa Kenya, mifumo hiyo imeishi kwa kalenda nyingine kabisa. Aghalabu ilifika huku ikiwa imekwisha kuzeeka, ikaendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya kutangazwa kuwa imekufa, na magonjwa yaliyoonekana kwenye kioo kana kwamba ni makosa ya programu mara nyingi yalikuwa na chanzo nje ya programu: katika stima inayokatika, katika vumbi jekundu la kiangazi, katika radi za Novemba na katika betri ya saa isiyozidi sarafu kwa ukubwa. Fundi aliyejifunza kuanza uchunguzi wake ukutani, kwenye soketi, kabla hajafikia diski, ndiye aliyezirudisha kompyuta nyingi kazini.

Kwa hiyo kisa cha stima lazima kitangulie kisa cha kompyuta. Mto Tana, unaopita mpakani mwa Kitui na Embu, uliibeba gridi ya taifa kwa miongo kadhaa kupitia mabwawa ya Seven Forks, yaani Kindaruma lililoanza kazi mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru na Masinga, na hatimaye Kiambere lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988. Kutoka Kiambere ilijengwa njia ya umeme ya kilovolti 220 hadi Rabai, karibu na Mombasa, nayo ikaikata Kitui ikipita juu ya mashamba ya mtama na mbaazi ya watu waliokuwa wakiwasha koroboi usiku. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta kwamba, katika Kitui na vilevile Makueni, nyumba zilizokuwa na taa za umeme hazikufika hata moja kati ya kila kumi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2006 ilikuwa imeunda mamlaka ya kusambaza umeme vijijini, ambayo ilipewa jukumu la kufikisha nyaya kwanza kwenye vituo vya biashara, shule za upili na vituo vya afya, jambo lililofanya soko lipate stima kabla ya boma. Ndiyo maana kompyuta iliyoitwa ya nyumbani, katika masoko ya kiasi cha Tulia huko Kitui Magharibi, mara nyingi haikukaa sebuleni bali nyuma ya kaunta ya duka au katika ofisi ya mwalimu, huku mwenyewe akilala katika nyumba isiyo na hata swichi ya taa.

Kompyuta za kwanza zilizoonekana katika eneo hili katika miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa za ofisi za serikali, za misheni na za mashirika ya misaada, na ziliendeshwa kwa MS-DOS, mfumo uliopokea amri zilizoandikwa mstari kwa mstari na kuhifadhiwa kwenye disketi ya megabaiti 1.44. Makueni yenyewe ilimegwa kutoka Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992, mwaka uleule ambao Windows 3.1 ilianza kuuzwa, na si vigumu kuelewa kwa nini kipindi hicho hakikuacha kumbukumbu nyingi za ufundi: mashine zilikuwa chache, na iliyoharibika ilipakiwa kwenye gari na kupelekwa Nairobi.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu iliyotoka mbali. Kampuni nyingi za Ulaya, zikihofia kwamba programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zingeshindwa kuutambua mwaka 2000, zilibadilisha kompyuta zao kwa wingi, na mashine zilizoondolewa zilikuwa bado nzima. Karibu na wakati huo lilianzishwa mjini London shirika la hisani la Computer Aid International, lililokusanya mashine hizo, likazifuta data na kuzisafirisha nchi za Kusini, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizopokea nyingi. Na mwaka 2002 likaundwa Nairobi shirika la Computers for Schools Kenya, lililozitengeneza na kuzigawia shule, pamoja na mafunzo ya namna ya kuzitunza. Kando ya mkondo huo wa hisani ulikuwapo mkondo wa biashara, wa makontena yaliyoishia katika maduka ya Luthuli na mitaa jirani jijini Nairobi, ambako mwalimu au mfanyabiashara wa Wote, Mwingi au Kibwezi angeweza kununua kompyuta ya mtumba na kuipandisha juu ya basi.

Mitumba ya Uingereza, ambayo hadi leo huitwa "ex-UK", ilikuwa na faida ambayo wauzaji hawakuhitaji kuieleza, kwani Kenya ilirithi kutoka ukoloni plagi ileile ya miguu mitatu ya bapa na volti zilezile 240. Mashine iliyotoka Marekani ilikuja na hatari yake. Nyuma ya kisanduku cha umeme, yaani kile kifaa kinachobadilisha umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazohitajika ndani, ilikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mnunuzi aliyesahau kuisogeza swichi hiyo alisikia mlio mmoja tu, akaona moshi, na kompyuta yake ikawa imemaliza safari yake Afrika kabla haijaonyesha herufi hata moja.

Mashine hizo zilikuwa hasa za Pentium II na Pentium III, za Compaq, Dell na IBM, zenye kumbukumbu ya megabaiti 64 au 128, na nyingi zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya Windows 98 au Windows 2000. Hata hivyo Windows XP, iliyotolewa tarehe 25 Oktoba 2001, ndiyo iliyotamaniwa na kila mtu, kwa uso wake wa buluu na kijani na kwa sababu ndiyo iliyofundishwa katika vyuo vya kompyuta vya mijini. Kampuni iliyoitengeneza ilisema kwamba XP ingeweza kwenda kwa megabaiti 64 lakini ikapendekeza 128, na tofauti kati ya maneno hayo mawili ilikuwa chanzo cha malalamiko mengi. Kumbukumbu inapojaa, mfumo endeshi huchukua sehemu ya diski na kuitumia badala ya kumbukumbu halisi, ukihamisha kurasa za data huku na huko. Kwa kuwa diski ya kuzunguka ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu, mtumiaji husikia diski ikikwaruza mfululizo huku kishale kikiwa kimeganda. Wengi waliamini kwamba huo ni ugonjwa wa virusi na kumwomba fundi apige fomati, yaani afute diski nzima na kuuweka mfumo upya, ilhali tiba ilikuwa kuongeza kipande kimoja cha kumbukumbu kilichochomolewa kwenye mashine mbovu, na kuzima mapambo ya XP ili kioo kirudi kuwa cha kijivu kama cha Windows 98.

Kilichoisumbua zaidi mifumo ya zamani, hata hivyo, ni kuzimwa ghafla. Windows 98 ilihifadhi faili kwa mpango uitwao FAT, ambao ni jedwali linaloonyesha kila faili imekaa katika vipande vipi vya diski. Stima ikikatika wakati jedwali linaandikwa, baadhi ya vipande hubaki havina mwenyewe. Kompyuta ilipowashwa tena ilisimama kwanza ili programu ya ScanDisk iupekue mpangilio wa faili, na vipande vilivyokosa mwenyewe vikaandikwa upya kwa majina kama FILE0000.CHK. Mtumiaji wa kawaida aliviona vijina hivyo kuwa takataka na kuvifuta, lakini fundi mzoefu alijua kwamba mtihani wa muhula au orodha ya wadeni wa duka ingeweza kuwa imo humo, na kwamba kubadilisha herufi tatu za mwisho wa jina na kuifungua faili hiyo kwa programu ya kuandikia kungeweza kuyaokoa maandishi. XP ilikuja na mpango bora zaidi, NTFS, ambao huandika katika daftari maalumu kila badiliko la mpangilio kabla ya kulitekeleza, ili stima ikikatika mfumo usome daftari hilo na kujua ulikuwa umefika wapi. Mtu aliyeipandisha kompyuta yake kutoka Windows 98 hadi XP bila kufuta diski alibaki na FAT bila kujua, na amri fupi ya kugeuza FAT kuwa NTFS ilikuwa kinga muhimu kuliko programu nyingi zilizouzwa kama kinga.

Kuna kasoro moja maarufu ya Windows 95 na 98 ambayo yafaa itajwe hapa kwa kuwa haikuweza kuwadhuru watu wa Ukambani, yaani eneo hili la Wakamba. Mifumo hiyo ilihesabu milisekunde tangu kuwashwa kwa kutumia kihesabio cha biti 32, na kihesabio hicho kilipojaa baada ya siku 49.7 kompyuta iliganda. Kwingineko duniani kasoro hiyo ilipita miaka kadhaa bila kugunduliwa, kwa sababu ni mashine chache zilizokaa zikiwaka muda huo wote. Katika soko la kijijini ambako stima ilipotea kila wiki, kama si kila siku, ugonjwa huo ulikuwa anasa ambayo hakuna aliyeweza kuimudu.

Kuuweka mfumo upya nako kulikuwa mchezo wa kubahatisha. Sidii ya XP ilipomaliza kunakili faili za mwanzo, kioo kilitangaza kwamba zimebaki dakika 39, na kwenye Pentium III dakika hizo zilikuwa ndefu kuliko dakika za kawaida. Stima ikipotea katikati, diski ilibaki na mfumo nusu, na mara nyingi asubuhi iliyofuata mwenye kompyuta alikuta maandishi meupe kwenye kioo cheusi yakisema kwamba NTLDR haipo. NTLDR lilikuwa jina la faili ndogo inayopokea usukani kutoka kwa BIOS, ile programu ya kwanza iliyochomwa ndani ya kipande cha elektroniki kwenye ubao mkuu, na kuupakia mfumo wenyewe kwenye kumbukumbu. Aliyekuwa na sidii aliweza kuinakili upya faili hiyo kwa kuingia katika sehemu ya ukarabati ya XP na kuandika amri za kurekebisha mwanzo wa diski, bila kugusa hata barua moja ya mtumiaji. Lakini ujumbe huohuo ulitokea pia kwa sababu duni kabisa, kwamba mtu alisahau disketi ndani ya mashine, na BIOS ikajaribu kuanzia hapo. Fundi aliyeichomoa disketi na kuwasha upya alilipwa sawa na aliyefanya kazi ya saa tatu, jambo ambalo si haki lakini ndiyo desturi ya kazi zote za ufundi.

Utaratibu wa uchunguzi uliojengeka katika mazingira haya ulikuwa na mantiki yake. Kwanza soketi na waya, kwa kifaa cha kupima au kwa kuchomeka taa. Kisha kisanduku cha umeme, kwa kuwa kikidhoofika volti hushuka diski inapoanza kuzunguka na kompyuta hujizima na kujiwasha, dalili ambayo kila mtu huipa jina la virusi. Halafu kumbukumbu, ambayo ilichomolewa, meno yake ya dhahabu yakasuguliwa kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae, ikarudishwa mahali pake. Milio mirefu ya BIOS isiyoambatana na picha yoyote ilitoweka kwa njia hii mara nyingi ajabu. Ndipo zikaja nyaya pana za diski, na mwisho kabisa mfumo endeshi. XP ilikuwa na tabia ya kujiwasha upya yenyewe ilipopata ajali kubwa, hata kioo cha buluu chenye namba ya kosa kikapita kama umeme wa radi kisisomeke, na hatua ya kwanza ya fundi ilikuwa kubonyeza kitufe cha F8 mapema ili apate orodha ya njia za kuwashia, aingie katika hali salama inayopakia yale ya lazima tu, na kuizima tabia hiyo. Namba iliyoishia na 7B ilijulikana sana, kwani ilitokea kila mtu alipohamisha diski kutoka kompyuta iliyokufa hadi nyingine ya aina tofauti: mfumo uliitafuta diski kwa draiva ya ubao wa zamani, draiva ikiwa ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa fulani, ukaikosa, ukasimama. Diski ilikuwa nzima na faili zote zimo, lakini wengi walizifuta kwa kutojua maana ya namba hiyo.

Hali ya hewa ilikuwa na misimu yake ya magonjwa. Ukambani ni nchi kavu, ambayo mvua zake za kutegemewa zaidi ni za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na mwanzo wa mvua hizo vumbi laini jekundu huingia kila mahali. Ndani ya kompyuta vumbi hilo hufunika mapezi ya chuma yanayopoza kichakataji, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, na feni huanza kulia; joto likizidi kiasi, ubao mkuu huzima kila kitu ili kujiokoa. Kompyuta iliyofanya kazi vizuri asubuhi na kuganda saa nane mchana kwa hiyo haikuhitaji mfumo mpya, ilihitaji brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Mvua zilipoanza, vumbi lilitulia na radi zikachukua nafasi yake. Mshtuko wa umeme uliingia kwa waya wa stima, na kwa wale waliokuwa na simu za mezani uliingia pia kwa waya wa simu, ukaunguza modemu na wakati mwingine ubao wote, na maduka mengi yakajifunza kuchomoa plagi mawingu yalipokusanyika.

Mafundi waliwahi pia kulaumu hali ya hewa ya Ukambani kwa kosa ambalo halikuwa lake. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, viwanda kadhaa vya Asia vilitengeneza kapasita, yaani vile vikopo vidogo vinavyosawazisha umeme kwenye ubao, zikiwa na kimiminika kibovu, nazo zikavimba na kupasuka baada ya miaka michache. Dell OptiPlex GX270, mojawapo ya kompyuta za ofisi zilizouzwa sana wakati huo na ambazo baadaye zilijaa katika mitumba, ilijulikana kwa tatizo hili dunia nzima. Mashine ya aina hiyo iliganda ovyo, ikaharibu faili za mfumo, ikawekewa XP mara tatu au nne kwa malipo, na kila mara ikapona kwa wiki chache. Fundi aliyefungua kisanduku akaziona kapasita zilizofura vichwa alielewa kwamba hakuna sidii ingeweza kuitibu, na wale waliokuwa wametokea katika ufundi wa redio, wenye mazoea ya chuma cha kulehemu na risasi, walizibadilisha moja moja. Hapa ujuzi wa zamani wa sokoni uliushinda ujuzi mpya wa vyeti.

Betri ya saa, bapa na ya duara, iitwayo CR2032, inastahili maelezo yake yenyewe. Kazi yake ni kuifanya saa ya ubao mkuu iendelee kutembea na kuhifadhi mipangilio ya BIOS kompyuta ikiwa haina stima. Katika ofisi ya Ulaya ambako mashine huchomekwa mwaka mzima, betri hiyo huweza kudumu hata kuliko kompyuta yenyewe; mahali ambapo plagi huchomolewa kila jioni kwa kuhofia radi, huisha mapema. Ikiisha, mashine huamka ikiamini kwamba ni mwaka wa kuundwa kwake, au hata 1 Januari 1980, tarehe ambayo MS-DOS iliichukua kuwa mwanzo wa nyakati, na husimama ikitaka mtu abonyeze F1. Kwa miaka mingi jambo hili lilionekana kuwa usumbufu mdogo tu, mwenyewe akibonyeza na kuendelea. Intaneti ilipofika ndipo madhara yakaonekana, kwa sababu kurasa salama huthibitishwa kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2002 huona kila cheti kuwa hakijaanza kutumika, ikakataa kufungua barua pepe na benki kwa pamoja. Betri iliyouzwa kwa bei ya chai na mandazi iliponya kile ambacho wengine walikitibu kwa kununua mfumo mpya.

Virusi navyo vilikuwapo, na havikuwa vichache, ingawa njia yao ilikuwa tofauti na ile iliyoelezwa katika majarida ya ng'ambo. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, kompyuta nyingi za Kitui na Makueni hazikuwa na intaneti kabisa, na virusi vilisafiri kwa miguu, ndani ya flashi iliyopelekwa saiba kuchapisha barua na kurudishwa nyumbani. XP ilikuwa na mazoea ya kusoma faili ya autorun kwenye kila flashi iliyochomekwa na kufuata maagizo yake, na kosa hilo la ukarimu lilipunguzwa tu na sasisho la Februari 2011, ambalo mashine isiyo na intaneti haikulipata. Brontok, iliyotokea Indonesia mwaka 2005, ilificha zana za kurekebishia mfumo na kuwasha upya kompyuta mtu alipojaribu kuzifungua. Conficker, iliyotokea Novemba 2008, ilitumia tundu la Windows ambalo watengenezaji wake walikuwa wameliziba mwezi mmoja kabla, ila kwa wale tu waliopokea sasisho. Inapendeza kuona kwamba miongoni mwa kinga zilizopendwa katika Afrika Mashariki ilikuwamo Smadav, ya Indonesia vilevile, iliyotengenezwa hasa dhidi ya virusi vya flashi: Bahari ya Hindi, iliyokuwa ikileta vyombo vya udongo na vitambaa kwa pepo za msimu, sasa ilileta ugonjwa na dawa yake. Saiba nyingi kwa upande wao zilitumia Deep Freeze, programu ya kampuni ya Faronics ya Kanada inayofanya kila badiliko lifutike kompyuta inapowashwa upya, kinga kamili dhidi ya virusi na pia dhidi ya kazi ya mwanafunzi aliyehifadhi insha yake kwenye diski ya saiba stima ikapotea.

Palikuwapo njia nyingine, ya Linux, mfumo ambao msimbo wake ni wazi na hauna malipo ya leseni. Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa jina ambalo Mkamba anayesema "mundu" na Mswahili anayesema "utu" hawahitaji kutafsiriwa, ilitumwa bure kwa posta ikiwa kwenye sidii kwa miaka kadhaa, na mwaka huohuo 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilitarajiwa kwamba mashine za zamani zingehamia huko kwa wingi, lakini haikuwa hivyo. Vitabu vya somo la Kompyuta shuleni vilionyesha picha za Windows, mwajiri alitaka anayejua Windows, na modemu ndogo za Huawei zilizouzwa na kampuni za simu zilikuja na programu ya kujiweka ya Windows ndani yake. Linux ilibaki chombo cha fundi, sidii ya kuwashia kompyuta iliyokufa ili kuokoa faili kabla ya kupiga fomati, na katika kazi hiyo ilifanya mema ambayo wenye faili hawakuwahi kujua ni ya nani.

Kati ya 2009 na 2014 serikali ilipanga, katika mpango wa kuchochea uchumi, kuzipa kompyuta shule tano za upili katika kila mojawapo ya maeneo bunge 210 ya wakati huo, na elimu ya juu ikasogea karibu: chuo cha kilimo cha Ukambani kilichokuwa Kwa Vonza, Kitui, kilifanywa mwaka 2008 kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Ni katika mwendo huo wa kupanda ambapo tarehe 8 Aprili 2014 ilifika, siku Windows XP ilipoondolewa matunzo. Siku ya pili yake kompyuta za Wote na Mwingi ziliwaka kama kawaida. Kifo cha mfumo endeshi hakiji siku ya tangazo bali huja polepole kutoka pembeni, pale vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, vinapoacha kuutambua: Chrome iliiacha XP mwaka 2016, Firefox ikafuata mwaka 2018. Wakati huohuo shughuli za lazima zilikuwa zinahamia mtandaoni, ushuru katika iTax na, kuanzia 2017, usajili wa wanafunzi katika NEMIS, hivi kwamba mwalimu mkuu aliyekuwa na XP isiyo na kasoro yoyote alijikuta hawezi kuitumia kwa kazi ile moja aliyoihitaji. Ni wazi kwamba hali hiyo, na si Mei 2017 ilipozuka programu hasidi ya WannaCry na kampuni iliyoitengeneza XP kulazimika kutoa kiraka cha XP kinyume cha desturi yake, ndiyo iliyoizika XP Ukambani. Vituo vya habari vya jamii, ambavyo serikali ya Kaunti ya Makueni ilivifungua katika wadi wakati wa ugavana wa Kivutha Kibwana, viliwasaidia wengi kuvuka hapo, kwa kuwapa kompyuta na intaneti ambazo hawakuwa nazo dukani.

Mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 chini ya mradi wa kufikisha umeme kwa kila boma, na hapo ndipo kompyuta ya nyumbani ilipoanza kukaa nyumbani kweli. Sasa mara nyingi ilikuwa laptopu, nayo ex-UK vilevile, yenye betri yake, ambayo kwa mkupuo mmoja ilimaliza magonjwa ya kuzimwa ghafla yaliyokuwa yamewalisha mafundi kwa miaka kumi na mitano. Tiba kubwa ya kipindi hiki ikawa kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD isiyo na sehemu inayotembea, badiliko linaloifanya mashine ya mwaka 2012 iwake kwa sekunde chache na kuibeba Windows 10 bila kulalamika.

Kisha Oktoba 2021 ikaja Windows 11, iliyodai kichakataji cha miaka ya karibuni na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mara ya kwanza mashine iliyokuwa na nguvu ya kutosha ikakataliwa kwa sababu ya umri wake. Matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013 kwenye ardhi ya ranchi ya Malili ndani ya Makueni, una kituo cha kuhifadhi data chenye umeme usiokatika na hewa iliyopozwa. Lakini katika masoko yaliyo mbali na barabara kuu, tarehe hiyo ya Windows 10 iliangukia kipindi ambacho watu husubiri vuli, vumbi likiwa bado limejaa kwenye feni, na ushauri wa fundi ukiwa uleule wa kila mwaka, kwamba mawingu yakikusanyika plagi ichomolewe, na waya wa chaja uchomolewe pamoja nayo.